Gemu Nazo Zichambuliwe, Si Kulaumiwa Tu

Kwako Mhariri,

Salamu kutoka mtaa wa Umoja. Naandika hii barua nikiwa kwa saiba yangu, yaani duka la kompyuta na intaneti, mvua imefukuza wateja, na kuna jambo limenikaa moyoni tangu mchapishe barua ya mzazi mmoja aliyesema gemu za kompyuta zote ni sumu na watoto wafungiwe kabisa. Sina ugomvi na huyo mzazi, uchungu wake naujua. Mimi pia nimeshawahi kuzima kompyuta mtoto akiwa katikati ya gemu kwa sababu kitabu chake cha hesabu kilikuwa chini ya meza tangu aingie na hajakigusa.

Lakini Mhariri, hebu angalia gazeti lenyewe. Mpira mnauandikia kurasa nzima, mnatueleza kipa alisimama vibaya, beki wa kushoto alipanda akasahau kurudi, kocha alichelewa kubadilisha wachezaji, na siku ya pili mnarudia tena. Vitabu vya fasihi mnavichambua, dhamira, wahusika, mtindo, mpaka mwanafunzi anakata ule ukurasa anauhifadhi. Gemu, ambayo vijana wa huu mtaa wanaicheza masaa mengi kuliko wanavyosoma riwaya, inatajwa tu siku mtu anaililia serikali. Hakuna anayetuambia hii ni nzuri hapa, imeharibika pale, hii inafaa mtoto wa miaka kumi na ile haifai. Sasa mzazi atachagua aje? Anaona risasi kwa skrini anasema zima, ama anaona katuni anasema hiyo ni sawa, kumbe hiyo ya katuni ndiyo inamaliza pesa kwa simu.

Basi wacha nitoe mfano wa vile mimi ningetaka ziandikwe, na nitachukua gemu moja tu, ile nimeicheza mpaka mwisho mara mbili na nimewaona watoto wakiicheza hapa kwangu zaidi ya mwaka.

Inaitwa Defense Grid: The Awakening. Ilitengenezwa na kampuni ya Marekani, Hidden Path Entertainment, ikatoka 2008, kwa hivyo imewazidi umri hao watoto wote wanaoicheza hapa. Ni gemu ya minara, yaani maadui wanaingia kutoka upande mmoja wakifuata njia, na wewe huna bunduki mkononi wala hukimbii kimbii, kazi yako ni kujenga minara kando ya njia na minara ndiyo inapiga. Hii aina si ya juzi. Mwaka wa 1990 Atari walikuwa na Rampart, ya kujenga kuta za ngome na kuzirekebisha zikibomolewa, baadaye mashabiki wa StarCraft na Warcraft III, gemu za vita za kompyuta, wakaanza kuchora ramani zao za kulinda njia, na kufika 2007 zile ndogo za Flash, programu ya kuchezea gemu ndani ya kivinjari, zilikuwa zimejaa intaneti. Mimi hapo ndipo nilizijulia. Nilikuwa nimeajiriwa saiba moja tao, enzi ya shilingi moja kwa dakika, na jioni wateja wakipungua nilikuwa nafungua Desktop Tower Defense kwa kompyuta ya pembeni kabisa huku nikisikiliza kama kuna mtu anapanda ngazi. Flash yenyewe ilizimwa mwisho wa 2020, na nyingi za zile gemu sasa huzipati kwa urahisi, jambo linaloniuma mpaka leo.

Sasa hii ya Defense Grid ni ya anga. Uko kwa sayari ya mbali, maadui wa kutoka nje walishawahi kuvamia zamani wakafukuzwa, sasa wamerudi, na mtambo wa ulinzi uliokuwa umelala miaka na mikaka unaamshwa. Wanachokuja kuchukua ni viini vya nguvu, kwa Kiingereza cores, mara nyingi ishirini na vinne, vimewekwa pahali pamoja. Hapa kwangu hakuna mtoto anaviita viini. Wanaviita mayai, kwa sababu vinakaa pamoja vimeng'aa kama mayai kwa kiota, na mimi pia nitaviita hivyo.

Na hapo kwa mayai ndipo uzuri wa hii gemu ulipo, Mhariri, kwa hivyo nivumilie nieleze polepole. Gemu nyingi za minara adui akifika mwisho wa njia umepoteza, basi, namba inapungua kwa kona ya skrini na mnaendelea. Hii haiko hivyo. Adui akifika kwa mayai bado hajashinda, amechukua tu, na sasa lazima atoke nayo, apite tena mbele ya minara yako akiwa amebeba. Ukimwangusha njiani, yai halipotei, linainuka lenyewe na kuanza kuelea kurudi kiotani, polepole sana, na kama kuna adui mwingine anapita hapo analidaka analiendeleza mbele, kama wale vijana wa kupokezana kijiti. Kwa hivyo kosa lako la dakika ya tatu haliishi dakika ya tatu. Unaliona likitembea. Una muda wa kufikiria, nifanye nini sasa kabla hajafika kwa mlango, niongeze mnara hapa ama niupandishe daraja ule wa kule, na pesa nilizonazo zinatosha kimoja tu.

Kuna Ijumaa moja sitaisahau. Saa moja usiku hivi, kijana wa dada yangu ndiye ameshika mausi, yeye ananiita Anti kama watoto wengine wote wa hapa, yuko gredi ya nane. Mayai kumi na tisa yako nyumbani, matatu yameshaenda kabisa, mawili yako njiani. Lile la kwanza likaangushwa mapema. La pili limebebwa na jamaa mmoja mkubwa hivi, anatembea kama mtu amebeba gunia la mahindi, uhai wake umebaki kamstari kadogo tu juu ya kichwa, na minara yote mikubwa ameshaipita. Kumebaki mmoja tu karibu na mlango, mnara wa bunduki ya kawaida, daraja la kwanza, tuliujenga mwanzo kabisa kabla hatujajua tunafanya nini na tukausahau. Ukaanza kupiga. Watoto sita wamesimama nyuma ya kiti hakuna anayepumua, na mteja mmoja aliyekuja kuprinti sivii amesimama na karatasi zake mkononi hajalipa na mimi sijamuitisha. Jamaa akaanguka hatua chache sana kabla ya kutoka. Yai likainuka. Hiyo kelele iliyotoka hapo mwenye duka la mbele alikuja kuuliza kama kuna mtu amepigwa na stima.

Naambia huyo mzazi aliyeandika, kile nilichokiona usoni mwa huyo kijana si uzembe. Alikuwa amekaa dakika arobaini anapanga matumizi.

Kwa sababu gemu yenyewe ni ya matumizi. Kila adui ukimuua unapata kitu, na hicho ndicho unajengea. Lakini kuna jambo lingine ambalo watoto huchelewa kuliona, ile akiba hujatumia inazaa yenyewe, kadiri ulivyo nayo nyingi ndivyo inaongezeka, kama pesa ya sako. Mtoto mgeni anajenga kila akipata, ana minara kumi na tano midogo imesimama pahali hakuna mtu anapita, na wimbi kubwa la maadui likija hana kitu. Aliyezoea anajenga minne tu pahali pazuri, anakaa mkono kwa shavu anaangalia akiba ikikua huku moyo unamdunda, anajiambia bado, bado, halafu anapandisha mmoja mpaka daraja la tatu. Kuna aina kumi za minara, na kila mmoja una madaraja matatu, kutoka wa bunduki, wa kuchoma kwa moto, wa leza, wa mzinga, mpaka ule haupigi mtu kabisa ila unawapunguzia mwendo. Huo wa kupunguza mwendo watoto waliudharau miezi miwili. Walikuwa wanataka moto. Mpaka siku msichana mmoja mdogo, mtoto wa mama wa mboga, aliuweka katikati ya minara miwili ya kuchoma, na wale jamaa wakawa wanatembea ndani ya moto kama wanatembea kwa matope, na tangu siku hiyo hakuna tena anayecheza bila huo.

Halafu kuna zile ramani za uwanja wazi. Hizo ndizo tamu kuliko zote. Hupewi njia, unapewa uwanja, na maadui siku zote wanatafuta njia fupi ya kufika kwa mayai. Kwa hivyo minara yako ndiyo inakuwa ukuta, unawapindisha hapa, unawarudisha kule, kama zile kamba za foleni kwa benki, mtu anaona kaunta iko pale mbele lakini lazima azunguke mara nane. Njia ya hatua ishirini unaifanya mia. Na ukiwa mjanja unaweza kuuza mnara mmoja wakiwa wamekaribia kutoka, ukafungua hapa ukafunga pale, wote wanageuka wanarudi walikotoka wakiwa wamebeba mayai yako, na minara inawapiga tena. Kijana wa dada yangu alipogundua hiyo alisimama akatoka nje akazunguka akarudi. Alikuwa ameona kitu hakuna mtu alimfundisha.

Wanaoruka ndio hawajali ukuta. Hao wanakuja hewani moja kwa moja, kama mwewe kwa vifaranga, wanachukua na kuondoka, na ile minara ya kuchoma na ya vimondo haiwafikii. Kuna watoto wanasema huo ni uonevu. Mimi nasema hapana, bila mwewe ungejenga kuta zako ukalala. Wanakulazimisha ubaki na kitu cha juu, leza ama bunduki, na ile ya makombora ambayo ndiyo dawa yao.

Sasa kasoro, na ziko, na sitazificha kwa sababu naipenda.

Ya kwanza na kubwa kwangu ni kwamba mawimbi hayabadiliki. Ramani ni hiyo hiyo, maadui wanakuja kwa mpangilio ule ule, wimbi la saba ni wale wa mbio, wimbi la kumi na moja ni wale wa ngao, jana, leo na kesho. Mara ya kwanza unafikiria, mara ya pili unakumbuka, mara ya tano unakariri tu. Nimemuona mtoto akipata medali ya dhahabu kwa ramani moja akiwa anaangalia nje ya dirisha. Na kukariri tunakujua sisi, hatuhitaji gemu ya kutufundisha hiyo. Kuna namna za ziada kwa kila ramani, mfano ya kukukataza kupandisha minara daraja, na hizo zinasaidia sana, lakini mtoto mwingi hafiki huko, akishamaliza hadithi anaona amemaliza. Laiti wangechanganya mawimbi hata kidogo tu, hii gemu ingedumu miaka ishirini bila kuchuja.

Ya pili ni zile ramani za njia ya kudumu. Si zote ni uwanja wazi, nyingine njia imeshachorwa na wewe unapewa vijukwaa vya kando, basi unabaki kuchagua tu weka gani wapi. Hizo si mbaya, lakini ukitoka kwa uwanja wazi ukaingia hapo unahisi umefungwa mikono. Na zimepangwa bila mtiririko, unapata tamu, halafu kavu, halafu tamu.

Kuhusu kurudi nyuma nimebadilisha maoni mara mbili. Hii gemu ina kitufe, ukibonyeza inakurudisha kwa alama ya karibuni, kama vile hukukosea. Mwanzoni niliona ni huruma nzuri kwa mtoto, badala ya kuanza upya dakika arobaini zote. Halafu nikakaa nyuma ya kijana nikahesabu. Alibonyeza mara ishirini na moja kwa ramani moja. Yai moja likiguswa tu, anabonyeza. Halijatoka, limeguswa tu! Ile raha yote nimeeleza hapo juu, ya yai kutembea na wewe kutafuta dawa, alikuwa anaifuta kabla haijaanza. Nikamwekea sheria, hubonyezi mpaka yai litoke kwa mlango kabisa. Alinuna wiki nzima. Ile Ijumaa ya yule jamaa wa gunia ilikuwa ndani ya hiyo sheria, bila hiyo angeshabonyeza zamani na hakuna mtu angepiga kelele. Kwa hivyo kitufe si kibaya, ni vile hakina mpaka, na watengenezaji wangeweza kukihesabia, mara tatu kwa ramani, imetosha.

Lugha ni shida ingine. Mwenzako kwa hii gemu ni sauti ya mzee mmoja, Fletcher, aliyekuwa binadamu zamani na sasa ni akili iliyobaki ndani ya mtambo, anakuongoza, anakupongeza, na katikati ya vita anakumbuka vitu alivyokuwa akipenda alipokuwa na mwili, kama utamu wa rasiberi. Ni mhusika wa kweli, mpweke, ana huzuni ndani ya adabu yake, na aliyeiigiza ile sauti alifanya kazi safi. Lakini anaongea Kiingereza cha Uingereza, haraka, na watoto wadogo wanasikia tu mzee anaguna. Siku moja nilikaa nikawatafsiria maneno yake ramani nzima. Mmoja akaniuliza, Anti, kwani huyu alikufa? Nikamwambia ndiyo, karibu hivyo. Akanyamaza, akacheza hiyo ramani kwa uangalifu ambao sikuwa nimemuona nao. Yaani hadithi ilikuwepo wakati wote na hawakuwa wameipata. Kiswahili kinaongewa na mamilioni ya watu hapa Afrika Mashariki na bado hatuhesabiki wakati maandishi yanatafsiriwa, na hapo nawalaumu watengenezaji na pia sisi wenyewe, kwa sababu hatujawahi kuitisha.

Halafu anga yenyewe. Nilitaka sana hii iwe gemu ya anga kweli, na si kweli. Ukitoa zile picha za nyota na mitambo, zile njia zingekuwa za Enterprise Road kule viwandani ama za ghala lolote. Hakuna uzito unaobadilika, hakuna kitu kinazunguka kitu, wanatembea chini kama sisi. Kile kitu kimoja tu cha angani ni leza ya kupigwa kutoka satelaiti, ambayo ukishaitumia unangoja muda mrefu ijae tena. Na hapo kijana wa dada yangu aliniuliza swali ambalo gemu haikulijibu. Akasema, Anti, hiyo satelaiti inakaa juu yetu tu hivyo, haianguki, haiendi?

Nikamtoa nje. Nikamwonyesha madishi ya tivi kwa balkoni za ploti ya mbele, orofa ya kwanza mpaka ya sita, nikamuuliza yanaangalia wapi. Karibu yote upande mmoja. Nikamwambia hiyo satelaiti yao iko juu ya ikweta kama kilomita 36,000, huko inazunguka sawa na dunia inavyozunguka, ndiyo maana fundi akishalifunga dishi halisongi tena. Lakini ile ya karibu haiwezi kusimama, kama kile kituo cha anga cha kimataifa kilicho kama kilomita 400 juu yetu, hicho kinamaliza dunia yote kwa dakika 90 hivi. Akasema basi hiyo leza inangoja satelaiti izunguke irudi! Sijui kama watengenezaji waliwaza hivyo, lakini hilo jibu ni zuri kuliko lolote lililo kwa gemu.

Tukaendelea. Nikamwambia satelaiti imesharushwa kutoka hapa kwetu Kenya, akakataa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano lililokuwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota, ya kwanza duniani kutumwa kwa kazi hiyo pekee, na ikapewa jina Uhuru. Jina la Kiswahili. Na hapo palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta, ardhi ya hapa inazunguka kwa kama kilomita 1,670 kwa saa, roketi inaanza ikiwa imeshasukumwa. Halafu tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ikapata satelaiti yake, Taifa-1, ikapandishwa na roketi ya SpaceX kutoka California. Hayo yote tumeyaongea tumesimama kwa korido kwa sababu gemu ilikuwa na leza moja isiyoelezwa vizuri. Kasoro yake imetufaidi, lakini ni kasoro.

Kuna mambo madogo nipitie haraka. Hiyo ya kwanza ni ya mtu mmoja tu, huwezi kucheza na mwenzako, hiyo ilikuja na ya pili ya 2014, kwa hivyo hapa kwangu tunabadilishana mausi kila wimbi na wanagombana. Na inataka mausi, ukitumia ile pedi ya laptopu utateseka.

Na kuna jambo moja la sifa ambalo wazazi wa hapa wanafaa kulisikia kabla ya yote. Ukishainunua na kuipakua, imekwisha. Haikuonyeshi matangazo, haikuambii ngoja masaa manne ama ulipe ndio mnara ukamilike, haimuuzii mtoto bunduki katikati ya vita. Kuna ramani za ziada zinauzwa kando, lakini hiyo uliyonunua inamalizika bila hizo. Inacheza bila bando. Inacheza kwa mashine nzee, mimi yangu ni ya mtumba na haina kadi kubwa ya picha. Linganisha na gemu moja ya minara ya simu, sitaitaja, ambayo ni ya bure, na mama mmoja jirani alikuja hapa analia na simu mkononi akitaka nimsaidie kusoma meseji kumi na moja za pesa zilizotoka, kila moja kidogo kidogo, mtoto wake alikuwa ananunua almasi za kuharakisha ujenzi. Mtoto wa miaka tisa. Zote mbili ni gemu za minara, zote mbili ukipita nyuma ya kiti unaona kitu kimoja kinapigana na kingine. Mzazi atazitofautisha aje kama hakuna aliyekaa akazicheza zote akamwandikia kwa lugha yake?

Hilo ndilo ninaliomba, Mhariri. Nusu ukurasa tu, hata kama ni mara moja kwa wiki mbili, pale Jumamosi karibu na michezo. Gemu moja, imechezwa mpaka mwisho na huyo anayeiandika, si kunakili maneno ya tangazo, aseme inachezwaje, inagharimu nini hata baada ya kuinunua, inataka mashine gani, mtoto wa umri gani ataielewa, na wapi imemchosha. Vijana wa kuandika wapo. Hapa Umoja peke yake nitawapa watatu.

Na nimewawekea kitu kwa hii bahasha. Kijana wa dada yangu amechora ramani yake mwenyewe nyuma ya karatasi ya fotokopi iliyoharibika. Maadui wanashukia steji ya Mutindwa, wanafuata Moi Drive, na mayai ishirini na manne yako Innercore kwa sababu anasema jina lenyewe limeshasema. Mawimbi yake hayafuatani, ameandika kando kwamba yatapigiwa kura kwa kutupa dadu, kwa hivyo hutajua wa mbio wanakuja lini. Wanaoruka wanatoka upande wa Outer Ring. Bado hajaamua ataiweka wapi ile minara ya kupunguza mwendo, alisema maadui wakifika kwa raundiabauti, matatu za abiria zitawazuia zenyewe. Mkitaka kuichapisha ameruhusu, ila mumrudishie hiyo karatasi, hana nyingine.

Mama wa saiba,
Umoja, Nairobi